Asumini au bogenivilia, waridi au adeniamu: maua ya kudumu kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Mwezi Februari kila ua linapendeza huku kusini. Ardhi imelowa, majani yamekolea, na mtu akipita kwenye kitalu cha kando ya barabara akaona mwaridi umebeba ua jekundu, anaununua hapohapo na kuupanda jioni ileile. Ikifika Septemba amebaki na kijiti. Wengi husema "mimi sina mkono wa maua", na si kweli. Mkono wanao, ila walichagua kwa macho ya Februari.

Kwetu mvua ni msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa mwaka hutupatia kiasi cha milimita 800 hadi 1,200 kutegemea upo wapi. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi sita, saba. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga wana masika na vuli, kwa hiyo mmea uliochoka hupata pumzi mara mbili kwa mwaka. Wa kwetu haupati. Ndiyo maana ua la kudumu, lile unalotaka likae miaka mitano, kumi na zaidi bila kupandwa upya, huku linapimwa kwa Septemba: kisima kimeshuka, bomba linatoka kwa zamu, na kusi imekuwa ikipuliza tangu Mei.

Kwa kipimo hicho nayaweka hapa maua mawili mawili, maana mtu akiwa kitaluni na pesa ya mche mmoja mkononi, swali lake huwa ni lile la "hili au lile".

Asumini na bogenivilia

Haya ndiyo yanayogombewa zaidi. Yote hufaa langoni, ukutani na mbele ya kibaraza, na yote yakishashika hayana haja ya kupandwa tena.

Kwa harufu, bogenivilia haimo kabisa kwenye mashindano. Asumini ni ua la usiku. Vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikatungwa uzi au kufungwa kikuba pamoja na rehani na mkadi, kisha hufunguka vyenyewe magharibi ikiingia, tayari vipo kichwani au juu ya mto. Kesho yake asubuhi weupe umeanza kugeuka na harufu imeshuka. Nyumba yenye bibi anayependa kujipamba, au yenye binti anayekaribia kuolewa, haihitaji ushauri wangu: ipande asumini, mengine yatafuata.

Bogenivilia inatoa rangi, na inaitoa kwa muda mrefu. Ukikishika kishada chake mkononi na kukitazama kwa karibu, utaona kwamba kile chenye rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa ni majani matatu membamba, na kila jani limebeba katikati yake kiua kimoja cha mrija chenye mdomo mweupe. Hicho kidogo ndicho ua lenyewe. Kwa kuwa rangi imo kwenye majani, haipukutiki kwa siku moja. Kishada hukaa juu ya tawi wiki kadhaa, ilhali ua la asumini ni la usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko uamuzi uliko. Asumini iliyokomaa, ikiwa kwenye mchanga wetu wa pwani, hutaka ndoo ya lita 10 mara mbili hivi kwa wiki wakati wa kiangazi. Ikikosa haifi upesi, ila huacha kuchanua, majani hupauka, na machipukizi mapya hayatoki. Na machipukizi mapya ndiyo yanayobeba maua, kwa hiyo asumini yenye kiu ni kichaka kisicho na kazi. Bogenivilia ni kinyume chake. Mwaka wa kwanza inahitaji kulelewa kama mche mwingine wowote. Ikishavuka kiangazi kimoja na mizizi imezama, ndoo moja kila baada ya wiki mbili au tatu inaitosha, na ukiinyima maji kidogo ndipo inapochanua hasa. Watu wengi huikosea kwa wema. Wanaimwagilia kila siku, wanaijaza samadi ya kuku, halafu wanalalamika imetoa majani mabichi na miiba bila rangi. Naitrojeni ikizidi, bogenivilia hukua tu. Pia inataka jua la wazi, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe au mkorosho haitachanua hata uiombe vipi.

Kuna jambo watu hawaliangalii wanapochagua: majira ya kuchanua. Asumini hupenda joto na unyevu, hivyo neema yake ni kuanzia Oktoba hadi Aprili mradi maji yapo, na hupungua Juni hadi Agosti kukiwa na ubaridi. Bogenivilia hung'aa wakati wa ukavu. Mwenye nafasi ya miche miwili akipanda yote mawili, uwanja wake hauna mwezi wa kukaa mtupu.

Chumvi nayo ina kauli. Nyumba za Shangani zinazotazama bahari, za Mikindani karibu na ghuba, na zile za Lindi mjini upande wa ufukweni, zinapokea upepo wa chumvi miezi yote ya kusi. Visima vingi vya karibu na bahari navyo hutoa maji ya chumvichumvi. Bogenivilia huyavumilia yote mawili. Asumini hujieleza kwenye majani: kingo huungua na kuwa za kahawia, kuanzia ncha kurudi ndani. Kama kisima chako ukionja kwa ulimi unasikia chumvi, asumini itakusumbua, labda uwe unaitunzia maji ya mvua au ya bomba.

Na penye mawe ya matumbawe, yaani udongo ule mweupe wenye chokaa, asumini hugeuka njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Ukiona hivyo usikimbilie kuongeza maji. Chuma kimo ardhini lakini chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Dawa yake ya nyumbani ni mboji nyingi kila mwanzo wa mvua, na kuchimba shimo pana kuliko kawaida ili mizizi ianze maisha kwenye udongo uliouchanganya mwenyewe.

Upande wa kuhamisha, tofauti ni kubwa, na hapa ndipo miche mingi ya bogenivilia hufia. Mizizi yake ni myembamba na hukatika kirahisi sana. Mtu akishika shina na kuuvuta mche utoke kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, donge linavunjika, mizizi inabaki nusu, na mche unasimama wiki mbili ukiwa unakufa polepole. Fanya hivi: mwagilia kiriba jioni ya jana yake ili udongo ushikane. Kiweke kiriba kizima ndani ya shimo. Kikiwa humohumo, kipasue kwa wembe pande mbili kutoka juu hadi chini, rudishia udongo robo tatu, ndipo uvute plastiki taratibu kutoka pembeni. Usitingishe shina, usikandamize kwa mguu. Mwagilia maji yashindilie udongo yenyewe. Asumini ni mvumilivu zaidi. Hata ukiing'oa na mizizi ikaachwa wazi kwa muda mfupi, ukipunguza matawi na kuiweka kivulini hurudi.

Mimi ningesema hivi. Penye bomba la uhakika au tangi la kuvuna mvua, na kama uwanja umejificha kidogo na bahari, anza na asumini bila kusita. Panapotazama bahari, au penye maji ya kununua kwa dumu, ni bogenivilia. Ukiwa na nafasi ya yote mawili, bogenivilia ikae upande wa kusini mashariki ipokee kusi, na asumini ikae nyuma yake karibu na dirisha la chumba cha kulala. Ila bogenivilia iache mita moja na ukuta, na isiwe kwenye njia wanayopita watoto wakikimbia. Miiba yake si ya mchezo.

Waridi na adeniamu

Waridi linapendwa mno, na ndiyo sababu nalisema kwa uangalifu. Ni ua la ubaridi. Arusha, Lushoto na Njombe linapata usiku baridi na linatoa ua kubwa linalokaa. Huku chini pwani, usiku haushuki sana hata Julai. Ua hufunguka haraka, huwa dogo, na petali hudondoka baada ya siku chache. Mvua za Januari na Februari huleta madoa meusi kwenye majani, na kiangazi huleta utitiri mwekundu upande wa chini wa jani. Mwaridi hautaki chumvi, unataka maji ya mara kwa mara na samadi iliyoiva, na unataka kivuli cha alasiri. Ni mgeni anayetaka kuhudumiwa.

Anayeupenda kweli asikate tamaa, ila ajue anachokichukua. Panda upande wa mashariki wa nyumba upate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane. Mwagilia shinani, usiloweshe majani, na iwe asubuhi. Mche wa kitaluni mara nyingi umeunganishwa, yaani juu ni waridi zuri na chini ni shina la mwaridi wa porini. Ile nundu ya muungo ibaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini yake livunje likiwa changa, la sivyo baada ya mwaka utakuwa na kichaka cha mwaridi wa porini na waridi lako limekwisha. Majani yakipata unga mweupe, wakulima wa korosho watautambua kwa haraka, maana huo ni jamii moja na ubwiriunga, na salfa ile ya unga wanayopulizia mikorosho husaidia hata hapa. Kiasi kiwe kidogo sana, upulizie asubuhi mapema, ufunge pua na mdomo, na usipulizie siku ya joto kali kwani salfa ikipata joto zaidi ya nyuzi 30 na kitu huunguza majani.

Newala ni habari nyingine. Kule juu ya tambarare ya Makonde hewa ni baridi kuliko Mtwara mjini, na waridi hukaa vizuri zaidi. Tabu ya Newala na Tandahimba ni maji, ambayo tangu zamani ni ya kuhangaikia. Kwa hiyo mwaridi mmoja uliowekwa karibu na mahali pa kuoshea vyombo unawezekana. Safu nzima ya miaridi, sidhani.

Adeniamu, ambayo wengine huiita waridi la jangwani, ni mmea wa Afrika hasa. Mwitu wake unapatikana tangu nchi za Sahel hadi huku Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Shina lake hunenepa chini na kuhifadhi maji, na maua ya rangi ya waridi yenye koo jeupe hutoka wakati wa ukavu, pengine mmea ukiwa hauna jani hata moja. Kusi haiisumbui. Ukisafiri wiki tatu utaikuta.

Kinachoiua ni maji. Desemba hadi Aprili ndiyo miezi yake ya hatari, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni. Shina likiwa gumu ukilibonyeza, ni zima. Likibonyea na kuteleza, limeoza ndani, na hapo huna budi kukata hadi ufikie nyama safi, kuiacha ikauke siku tano hadi saba kivulini, ndipo uanze upya. Ipande kwenye chungu chenye matundu, mchanga nusu na kokoto ndogo na mboji nusu iliyobaki, na uinue chungu juu ya mawe wakati wa mvua. Ukitaka shina nene panda kwa mbegu. Kipandikizi cha tawi hushika, lakini mara nyingi hakinenepi chini kama wa mbegu.

Utomvu wake ni sumu kali, na katika sehemu mbalimbali za Afrika umetumika kupaka mishale. Ukikata, nawa mikono kwa sabuni, na kama una mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, chungu kikae juu asipofika. Adeniamu ni ndugu wa olianda, ambayo nayo huvumilia chumvi na ukavu na inauzwa kwa sababu hiyo. Olianda siishauri kwa nyumba yenye watoto au mbuzi. Kila sehemu yake ni sumu, hata kuni zake zisitumike jikoni.

Kwa ua la pwani lisilo na maji mengi, kati ya haya mawili nachagua adeniamu, na sioni haja ya kuzunguka.

Kana, haibiskasi na vinka

Kana ina mahali pake pamoja tu huku kwetu, napo panapatikana karibu kila nyumba: pale maji ya bafuni au ya kufulia yanapotokea. Inapenda unyevu, haichukizwi na maji ya sabuni ya kawaida, na inageuza sehemu ya tope na mbu kuwa safu ya maua mekundu na ya njano. Maji ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yamwage kwingine. Kuihamisha ni rahisi kuliko ua lolote kwenye orodha hii. Chimbua tunguu, kata vipande vyenye macho mawili au matatu, zika kina cha sentimita 10, achanisha nusu mita. Kila baada ya miaka miwili au mitatu igawe, la sivyo katikati hujazana na maua hupungua. Nje ya maji ya bafuni, kana haivuki Septemba, na kusi huyachana majani yake yakawa matambara.

Haibiskasi ni ya uzio. Kila ua hukaa siku moja tu lakini kesho kuna lingine, na kipandikizi cha unene wa penseli hushika bila shida. Inahitaji maji zaidi ya bogenivilia na pungufu kidogo ya asumini, na adui wake ni vidung'ata, wale wadudu weupe wa unga wanaojificha penye kikonyo. Wapanguse kwa maji ya sabuni wangali wachache. Isichanganywe na choya ya kutengenezea juisi. Hiyo ni ndugu yake, ila ni ya msimu na utaipanda kila mwaka.

Vinka, ile yenye maua meupe au ya zambarau yenye jicho katikati, asili yake ni Madagaska, na mchanga wa Mtwara na Lindi umeipokea mpaka inajiotea kwenye nyufa za saruji. Haiishi miaka mingi kama bogenivilia, lakini hudondosha mbegu na kujirithi yenyewe, kwa hiyo uwanja hauishiwi. Huchanua mwaka mzima. Ihamishe ikiwa na majani sita au manane, maana mzizi wake mkuu huzama moja kwa moja chini na haupendi kuguswa ukubwani. Nasisitiza jambo moja: kweli dawa za saratani vinkristini na vinblastini hutokana na mmea huu, na vinkristini hutumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini dawa hizo hutengenezwa kiwandani kwa kipimo kidogo mno. Majani yenyewe ni sumu. Asiyachemshe mtu nyumbani akanywa, wala asimpe mgonjwa wake.

Desemba au Mei

Watu wa kupanda Desemba na watu wa kupanda Mei hubishana sana, na kila upande una sababu.

Desemba una mvua. Mche ukishuka ardhini wakati huo una miezi minne au mitano ya kuzamisha mizizi kabla kiangazi hakijauliza maswali. Ubaya wake ni kwamba mvua za mwanzo hudanganya. Hunyesha mara mbili, udongo wa juu unalowa, chini bado ni vumbi la moto, kisha jua linawaka siku kumi. Januari au Februari pia mvua huweza kusimama kidogo. Kwa hiyo usikimbilie mvua ya kwanza. Chimba kwa jembe hadi futi moja. Unyevu ukiwa umefika huko na udongo ukiukamata mkononi unashikana, panda. Kama chini bado mchanga unamwagika kati ya vidole, subiri.

Mei una ubaridi, jua limelegea na udongo bado una unyevu wa mwisho. Mche uliohamishwa haunyauki. Wanaosema Mei ni mzuri wanaona wiki mbili za kwanza, na kwa wiki hizo wana haki. Lakini mche huo unaingia kwenye kusi na miezi saba ya ukavu ukiwa na mizizi mifupi, na wewe ndiye mvua yake. Mwenye bomba la uhakika anaweza. Asiyenalo atabeba ndoo mpaka achoke, na siku atakayochoka ndiyo mche utakufa.

Kwangu Mei ni mwezi wa kukata vipandikizi, na Desemba ni mwezi wa kupanda. Mvua ikikatika, asumini na bogenivilia zinataka kupogolewa, na yale matawi uliyotaka kuyatupa ndiyo miche yako. Kata pingili za sentimita 15 hadi 20 za bogenivilia, unene wa penseli, zilizokomaa. Za asumini ziwe fupi kidogo na zisiwe laini sana. Ondoa majani ya chini, chomeka nusu kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, weka chini ya kichanja cha makuti. Viriba ishirini vinakunywa maji kidogo kuliko mche mmoja ulio juani, na maji ya kuoshea mchele yanavitosha. Asumini hutoa mizizi baada ya wiki nne hadi sita hivi, bogenivilia huchelewa zaidi. Usiwe unaivuta kuangalia kama imeshika. Subiri majani mapya. Novemba anza kuizoesha jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja, kisha saa mbili, kisha nusu siku. Mche uliokulia chini ya makuti ukipelekwa juani kwa ghafla huungua hata kama unamwagiliwa.

Shimo liwe futi moja na nusu kila upande. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la mboji au samadi ya mbuzi iliyokaa, na kwenye mchanga mtupu ongeza makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku mbili tatu, maji yakamwagwa, kisha yakapasuliwa vipandevipande. Hushika unyevu vizuri sana. Matandazo ya majani makavu yawekwe mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwa sababu mchwa hupenda kupitia humo. Maganda mabichi ya korosho usiyatumie hata kama yapo bure, mafuta yake ni makali na huunguza. Mche mrefu ufungiwe kijiti. Kimbunga Hidaya kilipopita pwani mwanzoni mwa Mei 2024, upepo na mvua vilikuja wakati ambapo wengi tunadhani msimu umeshakwisha.

Kuhamisha mmea mkubwa ni kazi ya pekee. Bogenivilia ya miaka mingi sishauri ihamishwe, chukua vipandikizi vyake na uache mama mahali pake. Asumini kubwa inawezekana. Mwezi mmoja kabla, kata mizizi kwa kuzungusha sepetu umbali wa futi moja na kidogo kutoka shinani, uache hapohapo itoe mizizi midogo ndani ya duara. Siku ikifika, punguza matawi hadi usawa wa goti, loweka udongo jioni, na asubuhi chimba ukipitisha gunia chini ya donge. Gunia la korosho linafaa kuliko mfuko wa plastiki. Mchanga wetu hauna mshikamano, bila gunia donge litamwagika kabla hujafika shimoni. Lizike na gunia lake, litaoza lenyewe.

Kitawi cha jirani au mche wa kitaluni

Mche wa kitaluni unakupa aina unayoichagua na maua mapema. Kwa waridi na kwa rangi adimu za bogenivilia hakuna njia nyingine ya maana. Kagua mambo mawili: geuza majani uone wadudu, na tazama chini ya kiriba. Mizizi ikiwa imetoka na kuingia ardhini kitaluni, kuung'oa kutaikata, na utapeleka nyumbani mche uliojeruhiwa. Uliza pia umetoka wapi. Mche uliolelewa kwenye baridi ya nyanda za juu ukifika Lindi juzi tu bado haujajua joto letu.

Kitawi cha jirani kina jambo moja ambalo kitalu hakiwezi kukupa: mama yake umeshamwona Septemba. Kama asumini ya nyumba ya tatu kutoka kwako inachanua kwa maji ya kisima kilekile na upepo uleule, hiyo ndiyo yako. Na kuomba si aibu.

"Shikamoo bibi. Naomba kitawi cha asumini yako, nataka kukipanda kwangu."

"Marahaba mwanangu. Kata hapa nyuma, za mbele zina vitumba vya jioni. Na ikishika uniletee kikuba."

Kata kwa kisu kikali, funga kwenye kitambaa kibichi, na uchomeke siku hiyohiyo.

Kama umepanga

Mpangaji hana sababu ya kukaa bila maua, ila asiweke ardhini asichoweza kuondoka nacho. Adeniamu kwenye chungu, vinka kwenye makopo, na asumini kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Asumini hukaa vizuri kwenye ndoo miaka kadhaa ukiipogoa na kubadilisha udongo wa juu kila Mei. Ndoo nyeusi ikipigwa na jua la Oktoba huchemsha mizizi, kwa hiyo izungushie makuti au iweke nyuma ya nyingine. Bogenivilia nayo hukubali chombo, na mizizi ikibanwa huchanua sana, lakini itabidi uikate mara kwa mara.

Siku ya kuhama, mwagilia jioni ya jana yake, funga matawi pamoja kwa kamba ya katani, na mimea ikipandishwa kwenye bajaji au kirikuu ifunike kwa kanga, kwani upepo wa barabarani hukausha majani ndani ya nusu saa. Ukifika, iweke kivulini wiki moja kwanza, hata kama kibaraza kipya kina jua zuri.